Mkono Juu ya Boneti

Dereva hakuanza kwa kuwasalimia watu. Alianza na mashine. Ukimkaribisha nyumbani kwako naye akaona pikipiki imeegemezwa ukutani, cherehani ya mkeo barazani, au hata redio inayojisemea peke yake dirishani, angeenda huko kwanza. Angeweka kiganja juu yake, akafumba macho kidogo kama mama anayepima homa ya mtoto, ndipo akugeukie na kuuliza habari za nyumbani. Pikipiki ilishajibu, sasa ilikuwa zamu yako.

Kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti wetu wa kijiji, wakati wenzake wanapigana vikumbo kwenye foleni ya pilau, yeye alikuwa nyuma ya jenereta, kiganja juu ya tangi, ametulia kama padri anayempaka mgonjwa mafuta. Aliporudi mezani akawatangazia wazee kwamba chombo kile hakitafika kwenye keki. Wakamwambia ale chakula chake. Muziki ulikata bibi harusi akiwa ameshika kisu hewani, na kimya kilichoanguka pale, naapa, kilisikika mpaka Masumbwe.

Jina alikuwa nalo. Watoto wake walilitumia kwenye vyeti vyao. Lakini upande wetu wa Segese ukiliuliza jina hilo ungeonyeshwa nyumba ya mtu mwingine kabisa. Yeye alikuwa Dereva. Madereva wa magari ya mchanga, wa mabasi, wa malori ya pamba, wote walikuwa na majina yao. Yeye alikuwa na cheo.

Mimi nilimjua kwa milango miwili. Wa kwanza ni shamba la mama yangu, ambalo alililima kwa trekta tangu nikiwa wa kimo cha tairi lake la mbele. Wa pili ni kaunta ya duka la vipuri pale Kahama, nilikopata kazi baada ya kumaliza masomo ya jioni. Alipokuja mara ya kwanza kununua chujio la mafuta akanikuta nimevaa shati la kola, alinitazama kutoka juu mpaka chini, akaniita Msomi wa Jioni. Alisema elimu yangu niliipata jua likiwa limekwisha, kwa hiyo nisishangae nikiona giza. Jina likaning'ang'ania. Mpaka tajiri yangu akawa ananiita hivyo mbele ya wateja.

Trekta yake ilikuwa nyekundu siku za ujana wake. Mimi niliikuta na rangi ya ufizi. Haikuwa na kioo, haikuwa na taa, na kiti chake kilikuwa gunia la pumba lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, lakini lilipokuja suala la kulima, ardhi ilikuwa ikiiona tu inajifungua yenyewe. Ilikwenda mpaka mashamba ya pamba ya kule Mhunze na kurudi, na njia nzima watu waliijua kwa mlio wake kabla haijatokea kwenye kona.

Na alikuwa na utaratibu wake. Mvua za kwanza zikidondoka, watu walikuja kwake tangu alfajiri wakakaa kando ya ukuta wa banda. Hakuangalia nani ametangulia wala nani ameshika nini mkononi. Alianza na wajane, kisha wazee wasio na watu, kisha wengine, na mwenye ng'ombe alikuwa wa mwisho siku zote, hata kama angelala mlangoni. Tajiri mmoja wa ng'ombe, ambaye zizi lake ukilitazama unadhani ni mkutano wa hadhara, alikuja kulalamika kwamba mvua itampita. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akamwambia, "Wewe una ng'ombe. Wape jembe."

Mtu huyohuyo mwenye huruma na wajane hakuwahi kumpa binadamu lifti. Si mgonjwa, si mkwe. Paroko wetu aliwahi kumsimamisha kwenye jua la kupasua mawe, kanzu imemgandia mgongoni, akaomba asogezwe tu mpaka kigangoni. Dereva akamjibu kwamba trekta ina kiti kimoja kama Mbinguni kulivyo na Mungu mmoja. Paroko alicheka mpaka akasahau kukasirika, akaendelea kwa miguu. Tena alikuwa mtu asiyeogopa korongo lililojaa maji, alikuwa akiliingia kwa trekta huku sisi tuko ukingoni tunamwombea, lakini akikuta kuku ameatamia kwenye njia ya shamba, alizima injini, akashuka, akatafakari, na mara nyingi kipande kile cha shamba hakikulimwa mwaka huo. Ukimuuliza, alisema kuku ana kazi, na yeye ana kazi, na yeye ndiye mwenye usukani.

Alikuwa na misemo ambayo aliitoa kama anavyotoa spana, mmoja kwa kila nati. "Chuma hakina fitina, kikiumwa kinasema." "Fundi anayeanza kufungua kabla hajasikiliza ni mwizi mwenye leseni." Na ule alioupenda kuliko yote, ambao naamini aliutunga mwenyewe: "Sikio linasikia kelele, kiganja kinasikia sababu."

Kiganja hicho ndicho kilichokuwa fahari yake. Kilikuwa kipana kama sinia la ugali wa watu sita, kigumu, chenye mistari myeusi ya grisi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuigusa. Na nimekiona kikifanya kazi.

Ilikuwa mwaka ambao injini ilifunguliwa yote kwenye gereji moja ya mjini, pistoni mpya, ringi mpya, kila kitu. Iliporudi ilikuwa na nguvu kama dume la zizi, lakini ilitetemeka. Si kutetemeka kwa kawaida. Akina mama waliopita barabarani na vibuyu vya maziwa walidai kwamba trekta ikiwapita wanafika nyumbani na siagi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani alisema meno yake mawili ya mwisho yaling'oka siku Dereva alipopita, na kwamba anamdai. Boliti za mkonga wa kuinulia jembe zilifunguka zenyewe shambani. Dereva akishuka jioni alikuwa anaendelea kutikisika kitandani, kwa maneno ya mkewe, Mama Kulwa, ambaye aliyasema kisimani bila kuona haya, na wanawake wenzake wakafurahi sana.

Sasa wengine wangekimbilia kufungua. Dereva alisimamisha trekta bandani, akaiwasha, akakaa kwenye kigogo. Akasikiliza. Kwa kuwa ilitetemeka imesimama, akayaondoa matairi na ekseli kwenye kesi. Akakanyaga klachi mpaka chini, ikatetemeka vilevile, akaiondoa giriboksi. Akalegeza bomba za nozeli moja baada ya nyingine, injini ikapungua nguvu kwa kiasi kilekile kila mara, maana yake silinda zote zinafanya kazi sawa, hakuna inayodhulumu mwenzake. Akatoa mkanda wa feni. Akakagua boliti zinazoshikilia injini. Kila hatua alikuwa anarudisha kiganja juu ya boneti, anafumba macho, anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa likizo, nimekaa pale na kila mtu asiyekuwa na shughuli kijijini, yaani kijiji chote. Tulikuwa kama watu walio mahakamani, washtakiwa wanaachiwa mmoja mmoja.

Alipobakiwa na injini yenyewe, akaingia chini, akafungua sampu, lile bakuli la oili. Mle ndani, chini ya krenkishafti, injini ya aina ile ina vyuma viwili vizito vinavyozunguka kinyume, kimoja huku na kimoja kule, kazi yao ni kuumeza mtikisiko wa injini usitoke nje. Vina meno na vina alama, na alama lazima zikutane. Kule gereji walivirudisha wakiwa wameruka jino moja. Vyuma vya kutuliza vikawa vya kuchochea. Dereva alitoka chini amejaa oili mpaka kwenye nyusi, akatuonyesha jino hilo kwa ncha ya bisibisi kama mtu anayeonyesha nyota.

Alipomaliza kufunga, akaiwasha, akachukua sarafu na kuisimamisha kwa ubavu juu ya boneti. Ikasimama. Injini inanguruma, sarafu imesimama, hata haipumui. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee wa meno akasema amesamehe deni. Kuanzia siku ile Dereva angeweza kumwambia mtu yeyote wilayani kwamba maharage yake yanatetemeka jikoni, na mtu huyo angezima moto.

Nasimulia hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililomuua. Hapana, bado yuko hai. Lakini ndilo lililomuua.

Kiangazi kwetu trekta haina shamba. Ukifika mwezi wa vumbi, madereva hupeleka vyombo vyao kwenye rashi, pale dhahabu ilipolipuka na watu wamemiminika, wakabebe mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye karasha za kusaga. Na utaratibu wa kule ni kwamba mwenye shimo hakulipi noti. Anakulipa mawe. Unapewa mifuko yako, uende ukasage mwenyewe, uoshe mwenyewe, na bahati iliyomo ni yako. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kama dereva anajikuta amekuwa mchenjuaji bila kusomea. Unga wa mawe ukishaoshwa, unatiwa zebaki, unakandwa kwa mkono mpaka zebaki inaikamata dhahabu na kuwa donge. Unalikamua donge kwenye kitambaa, kisha unalichoma juu ya mkaa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki imekutazama.

Dereva alikanda kwa mkono mtupu. Wachenjuaji wengine nao hukanda kwa mkono mtupu, lakini yeye alifanya kwa kujidai. Nilipomletea glavu za mpira kutoka dukani, aliziangalia, akampa mkewe za kuoshea masufuria. Akasema glavu ni ya mtu asiyeamini mkono wake.

Na hakuchomea nje. Kule kwetu dhahabu inayochomwa hadharani ina macho mengi. Wapo wanaosema inakimbia ikionwa na watu, wapo wanaosema wanaokimbia ni wezi, kuelekea kwako. Kwa hiyo alileta donge nyumbani, akaingia jikoni kwa Mama Kulwa, wakafunga mlango na dirisha. Yeye alishika kikaango kidogo, Mama Kulwa alipepea mkaa. Kiangazi baada ya kiangazi. Mlo wa mchana uliendelea kuiva kwenye jiko la pili, na jioni walikula humohumo.

Sikumbuki ni msimu gani alisema mtetemo umerudi. Nakumbuka tu alivyokuja dukani na kuegemea kaunta, uso umeingia ndani, akaniambia yule mgeni amerudi. Nilimwelewa mara moja. Nikamuuliza kama amefungua sampu. Amefungua, alama zimekutana. Nikamuuliza kuhusu sarafu.

"Inasimama," akasema.

"Sasa baba, ikisimama si maana yake..."

"Sarafu imezoea. Mkono haujazoea."

Nilikwenda kuiona Jumapili iliyofuata. Aliiwasha, akaniamuru niweke kiganja. Nikaweka. Injini ile ilikuwa imetulia kama bibi aliyeshiba. Nikamwambia mimi sisikii kitu. Hakukasirika. Akasema bila shaka sisikii, mkono wa dukani umezoea kupokea noti, utasikiaje chuma.

Halafu akawaita wengine. Na hapa ndipo ilipo shida yetu, watu wa kwetu, shida ambayo hata dawa yake haijulikani. Kwetu mzee hakosolewi mbele ya watu. Na mzee ambaye aliwahi kuliona jino lililorukwa ndani ya tumbo la injini, huyo hata nyuma ya watu hakosolewi. Akaja jirani yake, akaweka mkono, akasikiliza kwa heshima, akasema ndiyo, Dereva, kwa mbali. Akaja mwenyekiti, akaweka mkono, akasema unatokea upande huu wa kulia. Akaja tajiri wa ng'ombe ambaye hakuwa amewahi kugusa trekta maishani mwake, akasema huo mtetemo si wa kawaida na yeye asingevumilia. Mpaka fundi mmoja aliyeitwa kutoka Masumbwe, mtu mwenye vyeti na sanduku la spana zinazong'aa, aliweka mkono, akatazama uso wa mzee, akatazama nyuso za watu waliomzunguka, akakohoa. Akasema upo kidogo, labda ni maunting, zile raba zinazobeba injini.

Tukauza maunting. Yaani duka. Kisha diski ya klachi. Kisha pampu ya maji. Kisha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ambayo aliibeba mwenyewe begani mpaka stendi. Kila kilichobadilishwa kiliondoa lawama kwenye kitu kimoja, na mtetemo ukabaki. Alikuwa anafuata utaratibu wake uleule uliomletea vigelegele, hatua kwa hatua, anaachia mshtakiwa mmoja anakamata mwingine. Ila safari hii hapakuwa na jino.

Nilimwambia tena, na tena. Nilimwambia barabarani, nilimwambia kwenye msiba, nilimpigia simu. Alinijibu kwa upole uliotisha kuliko matusi.

"Ng'wanawane," alisema, na hapo alikuwa ananiita mwanawe, si Msomi, "watu wote wa kijiji wanausikia. Fundi wa Masumbwe anausikia. Wewe peke yako ndiye mwenye haki?"

Alikuwa ameshinda kwa kura.

Mvua zikaja trekta ikiwa imetandazwa bandani juu ya maturubai, kila kipande kimelazwa karibu na mwenzake kama nguo za mtumba siku ya gulio. Watu wakaja tangu alfajiri, wakakaa kando ya ukuta. Akatoka, akawaambia wasubiri, ameukaribia. Wakasubiri. Mwenye ng'ombe akaenda akawapa ng'ombe jembe, akamaliza wa kwanza. Mama mmoja mjane, ambaye miaka yote alikuwa namba moja kwenye foleni ile, alisubiri mpaka majani yakamfika magotini, halafu akachukua jembe la mkono na kwenda kulima alichoweza, ambacho kilikuwa cha kutosha kuku. Hakuna aliyemwambia Dereva neno. Heshima ilikuwepo ya kutosha kuwalaza watu njaa.

Na mambo mengine yakaanza kuonekana, mambo madogo. Chai ilimmwagikia kifuani, akasema kikombe kimepinda. Alilalamika mate yake yana ladha ya spana. Alianza kuwakwepa watu, yeye aliyekuwa akibishana na paroko, na mara nyingine alifoka kwa kitu kisicho na maana, kisha akaona aibu akajificha bandani. Kilichonigutusha ni nati. Nilimkuta amepiga magoti anajaribu kuanzisha nati kwenye boliti yake, kazi ambayo angeifanya usingizini. Nati ilikuwa inagonga kwenye ncha ya boliti, tiki tiki tiki, kama jogoo anayedonoa bati, na haikuingia. Aliponiona akaiweka chini akasema nyuzi zimechoka.

Mwanawe mkubwa ndiye aliyempeleka hospitali ya mkoa. Dereva aliporudi alipita dukani, na siku ile aliomba kiti. Alinieleza kwamba daktari hakumpima kwa mashine kwanza. Aliuchukua mkono wake, akaulaza juu ya kiganja chake, akanyamaza.

"Nikajua huyu ni mwenzangu," akasema. "Anasikiliza."

Daktari akamuuliza kazi zake zote, moja moja, akaenda akiziachia. Alipofika kwenye zebaki, akasimama hapo. Akamuuliza anakanda vipi, anachomea wapi. Akamweleza kwamba moshi ule unaingia mwilini na kukaa, unashika mishipa ya fahamu, na mikono ndiyo hutangulia kusema. Aache leo. Kilichokwisha kuharibika kinaweza kupungua, kinaweza kubaki, yeye hawezi kumdanganya.

Nilidhani sasa tumefika. Nikamwambia, basi baba, chanzo ndicho hicho.

Dereva alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama anayemwona kijana anaanza kufungua kabla ya kusikiliza.

"Kusikiliza amesikiliza," akasema. "Ila amekosea mahali pa kuanzia. Yeye anasema umeanzia kwangu. Mimi nimekaa juu ya chuma kinachotetemeka miaka yote hii, halafu niwe mimi ndiye nilianza? Trekta ndiyo imeniambukiza. Nikiiponya yenyewe, nami nitatulia."

Zebaki aliiacha, hilo nampa. Nadhani aliiacha kwa kuwa hakuweza tena kushika kikaango. Lakini trekta hakuiacha. Vijana wa kijiji walijitolea kuifunga ili angalau ilime msimu uliokuwa unakuja, akawafukuza kwamba wataruka jino. Yeye mwenyewe hakuweza kuifunga tena. Ikabaki kwenye turubai, vumbi likaigeuza kuwa sehemu ya sakafu, mpaka wanawe walipokaa kikao, wakamwita fundi yuleyule wa Masumbwe, akaiunganisha injini bila hata kipande kimoja kipya, na kuiuza peke yake kwa mwenye karasha pale Segese. Mwili wa trekta haukupata mnunuzi, wakaurudishia boneti ukabaki bandani.

Niliwahi kupita kwenye karasha hiyo. Injini ilikuwa imefungwa kwenye zege, inasaga mawe mchana kutwa. Mwenyewe aliniambia hajawahi kumiliki injini tulivu kama ile, akakaribisha mkono wangu. Sikuuweka.

Mara ya mwisho nilimkuta asubuhi, bandani, amekaa kwenye kigogo. Trekta ilikuwa mbele yake, boneti imefungwa vizuri, imepanguswa mpaka ile rangi ya ufizi inang'aa, ungedhani inasubiri mvua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Mikono ilikuwa mapajani, mmoja umeushika mwingine kama askari na mfungwa, na huwezi kujua askari ni upi.

"Weka mkono, Msomi."

Nikaweka. Bati lilikuwa la baridi.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, baba. Injini haipo."

"Najua haipo. Niliiona ikipakiwa." Akanyanyua mkono wake, akauweka karibu na wangu. Vidole vikaanza kugonga bati, haraka haraka, kama mvua inayojaribu kuanza. Akavitazama. "Mimi nausikia. Niliondoa matairi. Niliondoa giriboksi. Wakaondoa na injini. Kilichobaki hapa ni nini?"

Nikauondoa mkono wangu kwenye bati.

"Nimebaki mimi. Ni kazi nzuri ile niliyoifanya," akasema. "Imechukua muda mrefu tu."

Nikakaa naye kwenye kigogo. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, alikuwa na uso wa mtu anayetaka kucheka. Akaniambia kuna siri. Mama Kulwa hajui kwamba yeye ameshajua. Kila asubuhi anakuja bandani, anaweka mkono juu ya boneti, anaulizwa kama anausikia mtetemo, na anasema anausikia. Trekta haina injini ndani, na mwanamke wa watu anausikia.

"Ananionea huruma mpaka anasikia kisichokuwepo," alisema. "Wengine walinidanganya kwa heshima. Huyu ananidanganya kwa mapenzi. Usimwambie kwamba najua. Mwache aendelee, ndicho tulichobakiwa nacho."

Nikamwahidi. Tukacheka pamoja, kimyakimya, kama watoto kanisani.

Nilisikia vikombe kabla sijamwona. Vilikuwa vinagongana juu ya sinia tangu jikoni, na mlio ule ukaja ukivuka uwanja polepole mpaka Mama Kulwa akatokea mlangoni mwa banda, macho ameyakaza kwenye chai. Nusu ilishamwagika kwenye sinia. Niliinuka kumpokea, akanikatalia, akasema mgeni hapokei. Akaliweka sinia juu ya tairi, na vikombe vikanyamaza.

Halafu, bila kuulizwa, akaulaza mkono wake juu ya boneti, akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kugonga bati, haraka haraka, sawasawa na vya mumewe.

"Leo umezidi," alisema.

Dereva akanikonyeza.